Kidole au Kitufe

Kibodi ya MIDI haina sauti. Wanaokuja kurekodi kwangu kwa mara ya kwanza hugundua hivyo wanapoibonyeza kabla sijawasha kompyuta, kisha hunitazama kama mtu aliyeuziwa redio isiyo na spika. Huwa nawaeleza kwamba hiki si kinanda kama kile cha kanisani. Ni mjumbe tu. Kazi yake kubwa ni kuiambia kompyuta mambo matatu: kitufe gani kimebonyezwa, kimebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, na kimeachiwa lini. Sauti yenyewe, iwe ya piano, ya filimbi au ya ngoma, inatoka kwenye programu.

Ujumbe huo ni namba tupu. C ya katikati ni 60. Nguvu ya mguso hupewa namba kuanzia 1 hadi 127: 1 ni kama nzi ametua, 127 ni kama umekipiga kitufe kwa hasira. Lugha hii ilionyeshwa hadharani Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki huko California, pale kinanda kilichotengenezwa na kampuni ya Mmarekani Dave Smith kilipounganishwa kwa waya na kinanda cha Roland, kampuni iliyoanzishwa na Mjapani Ikutaro Kakehashi. Kimoja kilipigwa, kingine kikaitika. Mwaka 2013 wawili hao walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Mimi huwa navutiwa zaidi na jambo dogo kuliko tuzo. Miaka zaidi ya 40 baadaye, kibodi ya bei ya chini kabisa inayoning'inia kwenye duka la Kariakoo bado inazungumza lugha ileile inayozungumzwa na kibodi ya studio kubwa ya London. 127 ya maskini na 127 ya tajiri ni namba moja. Nikiweka sauti nzuri ya piano kwenye kompyuta yangu, hakuna msikilizaji atakayejua kwamba nyimbo za kwaya ya Kimara zilipigwa kwenye plastiki.

Kwa hiyo watu wakiniuliza kama kibodi za bei nafuu zina ubora, huwa nasema ubora wa sauti si wake. Ubora wake uko nyuma ya hapo, kwenye kile kipande cha safari kutoka kidoleni hadi kwenye namba. Swali ni je, namba inayofika kwenye kompyuta ndiyo iliyotoka kwenye kidole?

Kwa miaka mitatu swali hilo lilikuwa la kifundi tu kwangu. Halafu baba yangu akapata kiharusi.

*

Baba alipiga kinanda kanisani, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi siku tano za wiki, na siku ya Jumapili alikuwa mtu mwingine. Nimekua nikiamini kwamba baba wote wana mikono inayojua njia gizani, kwa sababu umeme ulipokatika katikati ya ibada na kinanda cha umeme kikazima, yeye alihamia kile cha zamani cha kukanyaga bila kungoja mtu awashe mshumaa.

Kiharusi kilichukua upande wa kushoto. Mguu ulirudi mapema kiasi cha kutembea na fimbo. Mkono ulichelewa. Alipotoka hospitali tulikubaliana yeye na mama wahamie kwangu Dar es Salaam kwa muda, awe karibu na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Chumba nilichowapa ndicho kilichokuwa studio yangu. Nilitoa maikrofoni, nikatoa magodoro niliyoegemeza ukutani kuzuia mwangwi, lakini meza yenye kibodi haikuwa na pa kwenda, ikabaki.

Kibodi ile ina vitufe 49. Niliinunua mpya mwezi Desemba tulipovunja kikoba, dukani ambako ukutani pana karatasi iliyoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudi. Jina lake silitaji, maana ninachokieleza hapa nimekikuta kwenye kibodi za majina mbalimbali ambazo watu wameniletea nizitazame. Ilifanya kazi vizuri mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili gurudumu la kupindisha sauti likaanza kugoma kurudi katikati, nikalifunga kwa utepe. Mwaka wa tatu vitufe vichache vikaanza tabia. Kimara ina vumbi jekundu wakati wa kiangazi, na unyevu wa pwani hauombi ruhusa kuingia. Kwa kazi zangu haikunisumbua sana. Noti ikipotea, unaiandika kwa mkono kwenye kompyuta. Ikipiga kelele, unaishusha. Prodyuza wa chumbani huzoea kibodi yake kama dereva wa bajaji anavyozoea gia yake.

Baba hakuwa prodyuza. Alikaa pale wiki ya pili, akauliza, "Mama, hiki kinawashwaje?" Nikamwashia, nikamwekea sauti ya ogani.

*

Kwenye tenzi za sauti nne, mkono wa kushoto hubeba teno na besi, na besi mara nyingi huangukia kidole kidogo. Kidole hicho kikinyamaza, wimbo hauna sakafu. Baba alipiga ubeti mmoja. Mkono wa kulia ulikwenda kama zamani. Wa kushoto ulikuwa na mashimo. F iliyo chini ya C ya katikati haikulia mara nyingi. G nayo vilevile. Lakini C ya chini, ile ya kidole kidogo, ililia mara tatu katika ubeti mzima, na kila ilipolia ilitoka kwa nguvu kupita noti zote.

Alitoa mikono, akautazama wa kushoto.

"Kidole cha kati kimekufa," alisema. "Ila hiki kidogo kinarudi. Umesikia?"

Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Alisikia. Alimwambia dada yangu kwa simu usiku ule kwamba kidole kidogo kinarudi, na asubuhi shangazi zangu watatu walikuwa wamenipigia.

Mimi nilisikia pia, lakini nilikuwa nimeona skrini. Programu inaandika kila noti na namba yake. C ile, mara zote tatu, ilikuwa imeandika 127. Si 90, si 110. Mtu ambaye hawezi kushika kijiko kwa mkono wa kushoto alikuwa amepiga kitufe kwa nguvu ya mwisho ambayo lugha hii inaweza kuitamka, mara tatu, bila kupungua hata moja.

Nilisubiri alale. Nikaibonyeza C ile mwenyewe, polepole kabisa, kwa ncha ya kidole: 127. Nikabonyeza F kama ninavyobonyeza siku zote: kimya, kimya, 64, kimya.

*

Hapa ni lazima nieleze kilichomo ndani, maana bila hicho huwezi kuelewa nilichokuwa nakiogopa.

Kibodi haipimi nguvu. Haina mzani. Chini ya kila kitufe kuna kikombe kidogo cha mpira chenye vipande viwili vya kaboni, na chini yake, kwenye bodi, kuna migusano miwili. Kitufe kinaposhuka, mgusano wa kwanza unafunga, halafu wa pili. Kinachopimwa ni muda kati ya hiyo miwili. Ukipiga kwa nguvu, kitufe kinashuka haraka, muda unakuwa mfupi sana, namba inakuwa kubwa. Ukibonyeza taratibu, muda unakuwa mrefu, namba inakuwa ndogo.

Sasa weka vumbi. Likikaa kwenye mgusano wa pili, usifunge, kompyuta haiambiwi lolote: kidole kimefanya kazi yake, namba haikutoka. Likikaa kwenye mgusano wa kwanza, nao ukachelewa kufunga hadi ukakaribiana na wa pili, muda unaonekana mfupi mno. Chipu haijui habari za vumbi. Inahesabu tu, na hesabu yake inasema kitufe kimeshuka kama radi. Inaandika 127.

Ndivyo kibodi ya bei nafuu inavyoharibika, na ndiyo sababu siogopi sana ile inayokufa. Inayokufa unaizika, unanunua nyingine ukiweza. Hii inaendelea kuwaka taa, inaendelea kuandika namba, na namba zake zina sura ya ukweli. Kitufe kimoja kilikuwa kinamwambia baba kwamba kidole kizima kimekufa. Kitufe kingine kilikuwa kinamwambia kwamba kidole kigonjwa kimepona. Na yeye, mtu aliyepiga kinanda miaka zaidi ya 30, alikuwa anakiamini kinanda kuliko mkono wake.

Kuna njia ya mkato. Kibodi nyingi zina sehemu ya kuchagua jinsi mguso unavyogeuzwa kuwa namba: laini, kawaida, ngumu, au namba moja isiyobadilika. Kesho yake niliweka isiyobadilika, kila noti 100, angalau C isipige kelele. Baba alipiga mistari miwili, akaacha.

"Umefanya nini?"

"Nimesawazisha sauti, Baba."

"Rudisha. Huyu anayepiga si mimi."

Nikajua sina budi kumwambia. Nilikuwa naweza kufungua kibodi usiku, nisafishe, nifunge, na asubuhi kidole kidogo kingenyamaza bila maelezo. Lakini hapo angeamini kwamba amerudi nyuma, na kwa mgonjwa wa kiharusi kurudi nyuma kuna maana yake. Wote nyumbani tulikuwa tunaihofia maana hiyo.

Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe: mpira, kaboni, migusano miwili, vumbi. Nilimwambia F inaweza kuwa nzima mkononi mwake na mbovu kwenye bodi, na C inaweza kuwa kinyume chake. Nilimwambia nikisafisha tutapata moja na tutapoteza moja.

Alikaa kimya muda. Mama alisema taratibu kwamba kwa nini tusiiache tu, si inampa moyo.

"Fungua," Baba alisema.

*

Skrubu zilikuwa 22, nyingine zimefichwa chini ya miguu ya mpira. Hili ni jambo la kuangalia kabla hujanunua: iliyofungwa kwa skrubu inafunguka, iliyogandishwa kwa gundi inavunjika. Baba alishika bakuli la chai kwa mkono wa kulia, nikawa natia skrubu humo moja moja. Vitufe vilitoka vyote kwa pamoja kwenye fremu yao. Chini yake kulikuwa na vumbi jekundu, nywele, na mbawa za kumbikumbi.

Nilipeperusha kwa brashi kavu. Nikaibandua mistari ya mpira, nikaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikaianika kwenye taulo hadi ikauka kabisa. Migusano ya kwenye bodi niliipangusa kwa vijiti vya pamba na spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, ambayo fundi wangu wa simu alinigawia kwenye kichupa. Haitakiwi kukwangua kwa kitu kigumu. Kaboni ni tabaka jembamba, ukilimaliza umemaliza kitufe. Vijiti vilitoka vyeusi. Kazi yote ilichukua Jumamosi nzima na haikuzidi gharama ya chakula cha mchana.

Jioni Baba alikaa. Nilimgeuzia skrini aone namba mwenyewe.

F kwa kidole cha kati: 38. Tena: 41. Tena: 35. Ililia kila mara. Kidole alichokitangaza kimekufa kilikuwa hai wakati wote.

C kwa kidole kidogo: hakuna. Tena: hakuna. Alikusanya bega zima, akasukuma. Skrini iliandika 6, na sauti ikatoka ndogo kiasi kwamba mama aliuliza kama amepiga.

"Sita," Baba alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au kwa yeye kuinuka. Alibonyeza tena, akapata 4. Kisha akaniambia nimletee daftari.

*

Daftari hilo lilikuwa la hesabu, la kurasa 80. Kila Jumamosi aliandika tarehe na namba za vidole vitano vya kushoto, kila kidole mara kumi. Mtaalamu wa mazoezi aliliona, akasema jambo la maana ni kurudiarudia mazoezi, namba ni za kwetu. Nilikubaliana naye. Kibodi si kipimo cha hospitali, na sikutaka mtu yeyote nyumbani aisome kama majibu ya maabara.

Lakini kwa sababu tulikuwa tunaisoma, nilitaka isiseme uongo. Nilifunga betri mbili kubwa za tochi kwa utepe. Kila Jumamosi, kabla Baba hajakaa, nilizilaza kwenye ukingo wa kila kitufe cha upande wa kushoto na kuziachia kutoka palepale. Betri hazina kiharusi wala hazina siku mbaya. Kitufe kilichotoa 50 wiki iliyopita kilitakiwa kitoe karibu na 50 wiki hii. Kikitofautiana sana, nilijua ni kitufe, si mtu. Mwezi wa tatu A moja ilianguka kutoka 48 hadi 20. Tuliibandika alama ya rangi ya kucha ya mama, na namba zake hazikuandikwa hadi nilipofungua tena.

Kidole kidogo kilikaa chini ya 10 kwa wiki tano. Kisha 13. Kisha 11. Baadaye 19, wiki moja 24, kisha kikashuka na kukaa hapo. Mwezi wa saba kilikuwa kinatoa 30 na kitu, wakati mkono wa kulia ulikuwa unatembea kwenye 60 na 70. Sasa hivi ni hivyohivyo. Besi yake inasikika ukiwa chumbani. Kanisani, kukiwa na watu, isingesikika.

*

Nafikiria mara nyingi watoto wanaojifunzia kwenye vifaa kama hivi bila mtu wa kufungua skrubu. Wamejaa makanisani na kwenye vyumba vya kupanga, wanafuata masomo ya video kwa kibodi ya mkononi mwa tatu. Mtoto anabonyeza, noti haitoki, mwalimu anamwambia mkono wake mwepesi. Anabonyeza nyingine, inapiga kelele, anaambiwa mkono wake mzito. Huko vinakotengenezwa vifaa hivi kwa ajili ya soko lenye waranti, mtu akipata kitufe kibaya anakirudisha dukani, na doa linabaki kwa kampuni. Kwetu duka halipokei, na doa linabaki kwa mtoto. Husemwa hana kipaji.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kama anunue ya bei nafuu, nasema nunua, lakini usiende dukani na macho tu. Nenda na kompyuta, au simu yenye programu inayoonyesha namba. Bonyeza kila kitufe taratibu mara tano na kwa nguvu mara tano. Tafuta kinachoruka, tafuta kinachotoa 127 bila sababu. Tikisa waya pale unapoingia. Tundu linalocheza siku ya kwanza litakatika mwaka wa kwanza. Geuza uhesabu skrubu. Muulize muuzaji kama kuna mipira ya akiba, hata kama unajua atacheka.

Mwezi uliopita Baba aliamua kurudi nyumbani Moshi, na akataka kibodi yake. Tulienda Kariakoo wote watatu. Tulikuta moja ya vitufe 61, iliyotumika, bila boksi. Nilifungua kompyuta juu ya kaunta, nikaanza kutoka chini: 36, 37, 38. Kijana wa dukani alivumilia hadi kitufe cha ishirini.

"Dada, hii ni nzima, mbona unaipima kama damu?"

Baba aliegemeza fimbo yake kwenye kaunta, akanisogeza kidogo, akaweka mkono wa kushoto. Alianza na kidole kidogo. 29. Akarudia. 31. Akahamia kitufe kinachofuata, na kinachofuata, bila haraka, hadi akamaliza vyote alivyovitaka. Kimoja tu, E ya juu kabisa, kiliruka.

"Hiki punguza bei," alimwambia kijana.

Akapunguza elfu kumi.